Vijiti Vitatu: Utangulizi wa Pande za Pembetatu

Chomoa njiti tatu katika ufagio wa chelewa. Ya kwanza ikate sentimita 4, ya pili 6, ya tatu 9, kisha zipange mezani ncha kwa ncha. Zitafunga: utapata pembetatu nyembamba, lakini pembetatu kamili. Sasa iondoe ile ya 9 na mahali pake uweke njiti ya sentimita 12. Ilaze, shikiza ya 4 kwenye ncha yake moja na ya 6 kwenye ncha ya pili, uziinamishe upendavyo. Hazikutani. Hata zikilala kabisa juu ya ile ndefu, katikati litabaki pengo la sentimita 2. Kati ya majaribio hayo mawili lipo la tatu linalotaka jicho makini, nalo ni la njiti ya sentimita 10. Hapo zile fupi zinagusana, ila zimelala juu ya ndefu. Pembe imepotea, eneo limepotea, umebaki mstari. Nitaiita hali hiyo pembetatu bapa, na naomba msomaji aikumbuke, maana itatufaa mbele.

Kanuni yenyewe inaingia katika mstari mmoja wa daftari. Vipimo vitatu hufanya pembetatu endapo kile kikubwa kuliko vyote ni kidogo kuliko jumla ya viwili vilivyobaki. Hakuna haja ya kujaribu jumla zote tatu, kwa kuwa kipimo kikubwa kuliko vyote, kikiongezewa chochote, lazima kikishinde kilichobaki. Ukiwa umeshachagua pande mbili, mathalani 4 na 6, upande wa tatu una uhuru wenye mipaka: lazima uzidi tofauti yao, yaani 2, na upungue kuliko jumla yao, yaani 10. Uchukue 3, uchukue 7 na nusu, uchukue 9.99, yote yatakubali.

Msomaji ana haki ya kuuliza kama kuna jambo lililobaki la kusema. Lipo, na ni jingi. Nimeandika utangulizi huu kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari, mwalimu wake, na yeyote aliyeiacha hisabati akidhani kwamba yote yaliyo rahisi yamekwisha kusemwa. Maswali nitakayoyataja yanahitaji rula, bikari, na kujumlisha na kutoa. Majibu yake yamewachukua watu mbali.

Lawama ya kwanza dhidi ya kanuni hii ni ya zamani sana. Euclid, aliyeandika kwa Kigiriki yapata mwaka 300 KK, aliithibitisha katika kitabu cha kwanza cha Misingi yake, pendekezo la 20. Wafuasi wa mwanafalsafa Epikuro waliona huo ni upotezaji wa muda. Hata punda anajua, walisema: mweke kwenye kona moja ya pembetatu na majani kwenye kona nyingine, atayaendea moja kwa moja, hatazunguka kwa kupitia kona ya tatu. Habari hii tumeipata kwa Proclus, mwanafalsafa wa Athene wa karne ya 5, ambaye pia aliwajibu. Kwamba moto unaunguza, alisema, hisia zinatosha kutuambia; kazi ya elimu ni kueleza unaunguzaje.

Mimi nakubaliana na Proclus, na ninaongeza hoja ambayo naona ina uzito zaidi. Punda anajua nusu tu ya kanuni. Anajua kwamba kwenye pembetatu iliyokwisha kuwapo njia iliyonyooka ni fupi kuliko ya kuzunguka. Hajui nusu ya pili, kwamba vipimo vyovyote vitatu vinavyoitii kanuni vitapata pembetatu yao, hata kama hakuna mtu aliyewahi kuichora. Nusu hizi mbili ni madai tofauti, na kila moja inataka uthibitisho wake.

Uthibitisho wa Euclid wa nusu ya kwanza ni mzuri kiasi kwamba ningependa msomaji auchore mwenyewe. Chora pembetatu yenye kona A, B na C. Tunataka kuonyesha kwamba BA na AC kwa pamoja ni ndefu kuliko BC. Refusha mstari BA upite A mpaka D, ili AD iwe sawa na AC. Unganisha D na C. Umeufungua mkunjo wa njia ya kuzunguka, ukaunyoosha: sasa BD ndiyo jumla ya BA na AC. Pembetatu ACD ina pande mbili zilizo sawa, kwa hiyo pembe yake iliyo D ni sawa na pembe yake iliyo C. Lakini ukiitazama pembetatu kubwa, BCD, utaona pembe yake iliyo C imeimeza ile ndogo na kuongeza juu yake. Basi katika pembetatu hiyo pembe ya C ni kubwa kuliko pembe ya D. Na katika kila pembetatu, pembe kubwa hutazamana na upande mrefu. Pembe C inatazamana na BD, pembe D inatazamana na BC. Kwa hiyo BD ni ndefu kuliko BC, na jambo limethibitika. Hapakupimwa kitu kwa rula. Hoja hii inashika kwa pembetatu ya milimita na kwa pembetatu ambayo kona zake ni nyota.

Nusu ya pili imo katika pendekezo la 22, nayo inatumia bikari. Chora mstari wa sentimita 9. Kwenye ncha moja chora duara lenye nusu kipenyo cha 4, kwenye ncha nyingine duara la 6. Yatakatana mahali pawili, juu na chini ya mstari, na kila makutano ni kona ya tatu ya pembetatu unayoitafuta. Mstari ukiwa wa 12, maduara yanakaa mbalimbali. Ukiwa wa 10, yanagusana kwa nukta moja. Ukiwa wa 1, duara dogo linazama ndani ya kubwa bila kuligusa. Majaribio yetu yote ya chelewa yamo katika picha hii. Imebaki ncha moja inayochoma: tunajuaje kwamba maduara yanayopandana lazima yakutane kwenye nukta, wala hayapitani kama kwamba mistari yake ina matundu? Euclid alilichukua hilo bila kulithibitisha. Wanahisabati wa karne ya 19 hawakuridhika, na mwaka 1899 David Hilbert alichapisha kitabu kilichoijenga jiometri upya juu ya misingi iliyotamkwa yote waziwazi. Kwa njia hii swali la njiti tatu linamfikisha mtu hadi kwenye swali la mstari wenyewe ni kitu gani.

Fundi anayepaua nyumba anaifahamu sehemu nyingine ya habari hii kwa mikono yake. Mbao nne zilizopigiliwa msumari mmoja mmoja kwenye kona huyumba. Mbao tatu hazitikisiki, ndiyo maana kenchi hujaa pembetatu. Sababu ni ileile ya maduara: vipimo vitatu vikikubali, vinakubali umbo moja tu, maana makutano ya juu na ya chini ni pembetatu ileile iliyopinduliwa.

Sasa tuhesabu. Chukua pande zilizo namba kamili tu, ukajiulize: mzingo ukiwa umepangwa, pembetatu ngapi tofauti zinawezekana? Mzingo wa 3 una moja, 1, 1, 1. Mzingo wa 4 hauna hata moja, kwa sababu 1, 1, 2 ni bapa. Wa 5 una 1, 2, 2. Wa 6 una 2, 2, 2. Wa 7 una mbili, 1, 3, 3 na 2, 2, 3. Wa 8 unarudi kwenye moja, 2, 3, 3. Endelea mwenyewe na utakuta kwamba wa 9 una tatu, wa 10 mbili, wa 11 nne, wa 12 tatu. Mtu angetarajia kamba ndefu itoe pembetatu nyingi zaidi, lakini 12 inatoa chache kuliko 11, na 10 chache kuliko 9. Hesabu inapanda huku ikichechemea.

Liandike hili kwenye karatasi. Pembetatu za mzingo wa 9 ni 1, 4, 4. Kisha 2, 3, 4. Kisha 3, 3, 3. Ongeza 1 kwa kila upande. Unapata 2, 5, 5; 3, 4, 5; 4, 4, 4. Hizo ndizo pembetatu zote za mzingo wa 12. Si bahati. Ukiongeza 1 kwa kila upande, jumla ya zile mbili fupi inapanda kwa 2 na ile ndefu inapanda kwa 1, kwa hiyo kanuni inazidi kutimia. Kwenda mbele hakuna shaka. Shaka ni kurudi nyuma. Hapo ndipo namba shufwa inapookoa: mzingo ukiwa shufwa, ziada ya pande mbili fupi juu ya ile ndefu nayo ni shufwa, basi haiwezi kuwa 1, ni 2 au zaidi. Ukipunguza 1 kila upande, ziada hiyo inashuka kwa 1 tu, na bado inabaki. Upande wa 1 nao hauwezi kutokea, kwa kuwa pembetatu yenye upande wa 1 lazima zile nyingine mbili ziwe sawa, na mzingo wake ungekuwa witiri. Kila pembetatu ya mzingo shufwa, basi, ina mwenzake mmoja kwenye mzingo ulio pungufu kwa 3. Ndiyo sababu 11 inawiana na 14, zote nne, na 12 inaachwa nyuma ikiwiana na 9.

Ipo hata njia ya mkato. Mzingo ukiwa shufwa, uzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa 48, chukua namba kamili iliyo karibu zaidi. Ukiwa witiri, ongeza 3 kwanza, halafu fanya vivyo hivyo. Mzingo wa 100 unatoa 10,000 gawanya kwa 48, yaani 208 na kidogo: pembetatu 208. Na mzingo wa 97, kama tulivyokwisha kuona sababu yake, unatoa 208 vilevile.

Mfuatano huu wa namba leo unaitwa kwa jina la mtu ambaye swali lake halikuhusu pembetatu kabisa. Alcuin alizaliwa York, Uingereza, yapata mwaka 735, akawa mwalimu katika baraza la mfalme Charlemagne, akafariki mwaka 804. Kwa kawaida yeye ndiye hutajwa kuwa mtungaji wa mkusanyiko wa mafumbo ya Kilatini ya kunoa akili za vijana. Fumbo la 12 linasema hivi: baba anakufa na kuwaachia wanawe watatu chupa 30 za kioo, 10 zimejaa mafuta, 10 zina nusu, 10 ni tupu. Wagawane ili kila mmoja apate mafuta sawa na chupa sawa. Kila mwana, basi, ana haki ya chupa 10 na mafuta ya chupa 5. Ukiipiga hesabu utaona kila mmoja lazima apate chupa zilizojaa nyingi sawasawa na tupu, na nafasi zilizobaki zijazwe na za nusu. Kwa hiyo swali zima linabaki kwenye kugawa zile 10 zilizojaa, bila yeyote kuzidisha 5. Njia ziko tano: 0, 5, 5; 1, 4, 5; 2, 3, 5; 2, 4, 4; na 3, 3, 4. Alcuin alitoa ya kwanza, mwana mmoja akapewa zote za nusu.

Tazama vizuri namba hizo. Kila njia ina jumla ya 10, na katika tatu za kwanza namba kubwa kuliko zote ni sawa na nusu ya jumla hiyo: hizo ni pembetatu bapa, na mojawapo ina upande wa sifuri. Mbili za mwisho ni pembetatu halisi za mzingo wa 10. Sasa ongeza 1 kila mahali: 1, 6, 6; 2, 5, 6; 3, 4, 6; 3, 5, 5; 4, 4, 5. Umepata pembetatu zote za mzingo wa 13, hakuna iliyokosekana wala iliyozidi. Urithi wa mafuta na njiti mezani vilikuwa swali moja. Mambo kama haya ndiyo yanayonifanya nimwombe kila mwanafunzi asiharakishe kuuacha ukurasa wa pembetatu.

Kuna upande mwingine wa swali: unaweza kukusanya njiti ngapi bila tatu kati yake kufanya pembetatu? Anza na 1 na 1. Ya tatu isiwe pungufu ya 2, la sivyo zitafunga. Ya nne isiwe pungufu ya 3, ya tano 5, kisha 8, 13, 21, 34, na ya kumi 55. Ni mfuatano wa Fibonacci, yule Leonardo wa Pisa aliyeuweka katika kitabu chake cha mwaka 1202 kwa swali la sungura. Kwa hiyo, ukiwa na njiti kumi zozote ambazo hakuna iliyo fupi kuliko sentimita 1 wala iliyofika 55, tatu kati yake zitafanya pembetatu, ukatae usikatae.

Na je, ukiivunja njiti moja mahali pawili bila kuchagua, vipande vitatu vitafunga? Swali hili lilitokea katika mtihani wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1854, na jibu ni kwamba uwezekano ni robo. Uthibitisho ninaoupenda unatumia kazi ya Mtaliano Vincenzo Viviani wa karne ya 17, aliyeonyesha kwamba ndani ya pembetatu yenye pande zote sawa, umbali wa nukta yoyote hadi kwenye pande tatu, ukijumlishwa, ni sawa na kimo chake daima. Chukua kimo kiwe urefu wa njiti yako. Kila namna ya kuivunja inakuwa nukta moja ndani ya pembetatu hiyo. Vipande vinafunga pale tu kila kimoja kinapokuwa chini ya nusu, na nukta za namna hiyo zinajaa pembetatu ndogo ya katikati, ile inayounganisha katikati za pande. Ni robo ya eneo lote. Ukibadili utaratibu, ukavunja kwanza mahali pamoja halafu ukavunja tena kile kipande kirefu, uwezekano unapanda hadi karibu 0.386. Neno "bila kuchagua" halina maana mpaka useme umevunjaje.

Heron wa Aleksandria, katika karne ya 1, alitoa kanuni ya kupata eneo kwa pande peke yake. Chukua nusu ya mzingo, itoe kila upande mara moja, zidisha zile tofauti tatu pamoja na nusu yenyewe, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mfano wake ulikuwa 7, 8, 9: nusu ya mzingo ni 12, tofauti ni 5, 4 na 3, zao lote ni 720, na eneo ni 26.83 hivi. Anayepima shamba kwa futi kamba anaweza kuligawa pembetatu na kupata eneo bila kupima pembe hata moja. Na daftari lake likiwa na makosa, kanuni itamshtaki. Mita 40, 55 na 100 zinaleta tofauti moja hasi, na kipeuo cha pili kinakataa.

Lakini hizo 5, 4 na 3 ni nini? Zichore. Weka bikari kwenye kona tatu za pembetatu ya Heron na uchore maduara ya nusu kipenyo cha 5, 4 na 3. Utaona kila mawili yanagusana bila kupandana, kwa kuwa 4 na 3 ni 7, 5 na 3 ni 8, 5 na 4 ni 9. Hali ni hiyo kwa kila pembetatu. Na kinyume chake ni kweli: chukua sarafu tatu zozote, kubwa na ndogo, zigusanishe, unganisha vitovu vyake, na umepata pembetatu. Sharti lililoonekana la kuzuia, kwamba upande mmoja usifikie jumla ya zile nyingine, limegeuka kuwa uhuru kamili wa namba tatu zilizo juu ya sifuri. Mimi nalihesabu hili kuwa jambo zuri kuliko yote katika somo hili.

Nimebakiza hatua moja, ya mwaka 1906. Mfaransa Maurice Fréchet, katika tasnifu yake, aliuliza ni masharti gani yanayotosha ili kitu kistahili kuitwa umbali. Machache yanatosha. Umbali wa kitu hadi kwenye kitu chenyewe ni sifuri, na kati ya vitu viwili tofauti ni zaidi ya sifuri. Kwenda na kurudi ni sawa. Na njia ya kupitia kituo cha tatu haiwi fupi kuliko ya moja kwa moja, ingawa inaweza kuwa sawa nayo. Sharti la mwisho ni kanuni yetu, na pembetatu bapa imekubaliwa ndani yake. Vitu vyenyewe si lazima viwe nukta. Mwaka 1965 Mrusi Vladimir Levenshtein alipendekeza umbali kati ya maneno: idadi ndogo kabisa ya herufi za kubadili, kuongeza au kufuta ili neno moja liwe lingine. Programu zinazosahihisha tahajia hutumia hesabu za namna hiyo. Kutoka "kata" hadi "kaka" ni hatua 1, kutoka "kaka" hadi "kuku" ni 2, na kutoka "kata" hadi "kuku" ni 3: pembetatu bapa ya maneno. Ondoa "kaka", uweke "pete". Kutoka "kata" hadi "pete" ni 3, kutoka "kuku" hadi "pete" ni 4, na ile ya "kata" na "kuku" imebaki 3. Vipimo hivyo vitatu, 3, 3, 4, vinafunga.